Bata mzinga mwitu Missouri, Marekani: kwa nini mwisho wa kuwinda ni saa saba mchana?

#1 Kipilipili_MO
Habari wakuu. Nina swali moja limenikalia kooni tangu Jumamosi.

Nilikuwa kwenye ardhi ya umma hapa Missouri, nimeegemea mwaloni tangu saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi yote kimya. Saa sita na nusu dume akajibu, mbali, ng'ambo ya korongo. Nikamwita kidogo kwa sauti ya jike, nikanyamaza. Akawa anakuja, anasimama, anakuja tena. Nilipomwona alikuwa hatua arobaini hivi, utosi mweupe, shingo nyekundu, mkia ameutandaza kama kipepeo cha ukili. Nikatupia jicho saa ya mkononi: saba na dakika tatu. Nikatoa risasi kwenye bunduki. Akapita mbele yangu anadonoadonoa kama kuku wa jirani.

Saa tisa niko kwenye gari, nikasikia mlio ng'ambo ya uzio, shamba la mtu binafsi. Na ni halali kabisa, maana tangu 2025 kwenye mashamba binafsi unawinda mpaka jua linazama. Sisi wa ardhi ya umma tunaishia saa saba mchana. Ndege yuleyule, anaruka uzio uleule.

Sheria nimeitii na nitaendelea kuitii. Ninachotaka ni sababu. Mwenye kuijua hasa, si ya kusikia, naomba anifafanulie.

#2 MzeeWaKwale
Kwanza hongera kwa kushusha bunduki. Wengi dakika tatu wanazimeza.

Sababu niliyofundishwa darasani miaka hiyo ni majike. Jike hutaga yai moja kwa siku mpaka yafike kumi, kumi na mawili, kisha anaatamia siku 28. Kiota chenyewe kiko chini, kwenye majani, si juu ya mti. Watu wakizurura porini kutwa nzima watamkurupua, na akikurupuliwa mapema anayatelekeza mayai. Ukifunga saa saba, pori linapumua nusu siku.

#3 Kasongo_KC
Mzee, heshima yako. Lakini mimi mkulima mmoja huku karibu na Kansas City aliniambia kinyume. Asubuhi dume yuko na majike wake, hana haja na sauti yako. Mchana majike wamekwenda kwenye viota, dume amebaki peke yake, anatafuta. Ukimwita saa saba au saa nane anakuja mbio. Kwa hiyo saa saba inawalinda madume wasimalizwe, si majike.

Kaka Kipilipili, angalia hata wako: asubuhi kimya, saa sita na nusu anajibu.

#4 NyotaYaMrima
Niko Pennsylvania mwaka wa kumi na moja sasa. Kwetu wiki mbili za mwanzo mwisho ni saa sita mchana, si saba. Baada ya hapo mnaachiwa kutwa. Maelezo tuliyopewa yanafanana na ya #2 lakini yana kipande kimeachwa: mwanzoni jike hajatulia kwenye mayai, akishtuka haachi kukimbia. Mayai yakikaribia kuanguliwa hang'oki hata ukipita karibu. Halafu mwishoni mwa msimu wawindaji wenyewe wamepungua.

Sasa kama ni hivyo, mimi pia sioni kwa nini shamba binafsi liwe tofauti na ardhi ya umma. Jike hajui hati miliki.

Jambo lingine la kwetu ambalo wageni hukamatwa nalo: majira ya kuchipua Pennsylvania ni kumwita tu. Kumnyatia ni kosa. Ukae, uite, aje mwenyewe.

#5 Kipilipili_MO
@NyotaYaMrima kunyatia ni kosa kisheria? Kwetu Songea mtu asiyejua kunyata hata kwale hali.

#6 NyotaYaMrima
Ni kosa, na wana sababu. Kila mtu amevaa nguo za majani, amejificha, analia kama jike. Wewe unanyatia sauti ukidhani ni ndege, kumbe ni baba wa watu. Ndiyo maana darasani wanakukataza nyekundu, nyeupe na buluu, hata soksi, hata leso: hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Na ukae na mti mpana kuliko mabega yako, ukukinge mgongo. Nawaambia kwa mkazo kwa sababu mtoto wangu wa kiume naye ameanza kwenda kuwinda.

#7 Mkenya_wa_Waco
Wasalaam. Texas hatuna hiyo mambo ya saa saba. Nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, basi. Na huku sehemu kubwa ni bata wa aina ya Rio Grande. Unaruhusiwa hadi wanne kwa mwaka ukijumlisha kaunti zote, ila wa aina ya Mashariki asizidi mmoja. Leseni ya mkazi dola 25, stempu ya ndege wa nchi kavu dola 7. Mgeni wa jimbo anayetaka bata mzinga wa msimu wa kuchipua tu, dola 126. Na mahindi unamwaga, ni halali.

#8 Kasongo_KC
Munamwaga mahindi halafu munasema munawinda? Huyo ni kuku wa nyumbani, ndugu yangu 😀 Missouri ukimwaga mahindi, hata ukiyaondoa yote, pale mahali panahesabiwa pana chambo kwa siku 10 zaidi.

#9 Mkenya_wa_Waco
Kasongo wacha maneno, njoo uone kama huyo kuku atakungoja 😀 Ila nijisahihishe kabla sijapotosha mtu: mahindi ni kwa kaunti za Rio Grande. Zile kaunti za mashariki zenye bata wa Mashariki, chambo ni marufuku, na raifo pia marufuku. Ni bunduki ya marisau au upinde. Jimbo moja lakini ukivuka kaunti sheria imegeuka. Soma kaunti yako, usisome "Texas".

#10 Dogo_Athens
Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuuchepusha uzi. Mimi ni mwanafunzi Ohio, visa ya F-1. Mwenzangu wa maabara anataka kunipeleka. Je, nikikata leseni ya jimbo na kibali cha bata mzinga inatosha? Nimesikia mwenye visa hashiki bunduki kabisa.

#11 BaharianaBara
Marahaba dogo. Hashiki. Sheria ya shirikisho iko wazi, mtu wa visa ya muda haruhusiwi bunduki wala risasi. Usijaribu.

#12 MzeeWaKwale
#11 amesema nusu ya kwanza, nusu ya pili ndiyo inayomhusu dogo. Kifungu cha 922 cha sheria ya shirikisho kinamkataza mwenye visa ya muda, ni kweli. Lakini kifungu hichohicho kina msamaha: aliye na leseni au kibali halali cha uwindaji kilichotolewa Marekani. Leseni ya jimbo inamtoa kwenye katazo. Kwa hiyo leseni ya uwindaji kwake si karatasi ya kuwinda tu, ni karatasi ya kushikia bunduki.

Na hapo ndipo penye shimo. Leseni ikiisha muda wake na bunduki bado iko chumbani kwako, uko kosani siku hiyohiyo, hata kama hujaigusa. Kosa la bunduki kwa mtu asiye raia linaweza kumfikisha kwenye kufukuzwa nchini. Dogo, ushauri wangu: usinunue bunduki. Kata leseni, itembee na wewe mfukoni, tumia ya mwenzako akiwa pembeni, mrudishie siku hiyohiyo. Na kabla ya yote mwone mwanasheria wa uhamiaji. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni itakayokuelekeza. Mimi ni fundi magari, si wakili.

#13 BaharianaBara
Asante mzee, nimesahihishwa. Wenye kadi ya kijani je?

#14 MzeeWaKwale
Kadi ya kijani si visa ya muda, katazo lile halimgusi. Waliokuja kama wakimbizi vilevile. Asiye na karatasi, huyo amekatazwa moja kwa moja na leseni haimsaidii.

#15 Dogo_Athens
Nashukuru sana mzee. Je, upinde?

#16 NyotaYaMrima
Upinde si bunduki kwa sheria ya shirikisho. Ohio unaruhusiwa kumpiga bata mzinga kwa upinde au kwa upinde wa kufyatulia. Kwa hali yako ningeanzia hapo. Na Ohio tangu 2022 majira ya kuchipua ni ndege mmoja tu mwenye ndevu (kile kishungi cha manyoya kifuani), zamani walikuwa wawili. Ukimpata uripoti siku hiyohiyo kabla ya saa tano na nusu usiku. Angalia na ukazi: Ohio wanakuhesabu mkazi baada ya miezi 6, Missouri siku 30, Minnesota siku 60. Watu hulipa bei ya mgeni bila sababu, na wengine hujiita wakazi kabla ya muda, hilo la pili ni kosa.

#17 Mlima_Udzungwa
Nawasoma nikiwa Iringa. Kinachonishangaza ni nchi moja yenye sheria hamsini. Huku leseni ya kuwinda hata kanga inaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Tanzania Bara nzima moja, msimamizi nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Na ukikutwa na nyara bila kibali, sheria haitanii na mtu. Kwa nini serikali ya Washington isiseme neno moja likaisha?

#18 MzeeWaKwale
Kwa sababu bata mzinga hahami. Bata wa majini na bata bukini wanaovuka mipaka wana mkono wa shirikisho, na una stempu ya shirikisho ya kununua. Bata mzinga anazaliwa na kufa bonde lilelile, basi ni wa jimbo. Washington inaingia ukimvusha mpaka wa jimbo akiwa ameuawa kinyume cha sheria. Hiyo ni sheria ya Lacey, ya mwaka 1900. Na hazifiki hamsini, Mlima: Alaska hawana bata mzinga mwitu. Hata Hawaii wanao.

Fedha nazo zina mkono wa shirikisho. Tangu 1937 kuna ushuru, leo ni asilimia 11 kwa raifo, bunduki za marisau na risasi, unaorudi majimboni kulingana na ukubwa wa jimbo na idadi ya wenye leseni. Kwa hiyo leseni ya Kipilipili inahesabika mara mbili, bei yake na kichwa chake.

#19 Mkenya_wa_Waco
Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, mimi sijazaliwa. Nikimtumia baba picha ya ndege nimemshika miguu ananipigia simu: "Umewaambia askari wa wanyama?" Namjibu, baba, ndio walioniuzia kibali. Haelewi mpaka leo.

#20 BaharianaBara
Swali la pembeni, niko ndani ya lugha zaidi kuliko porini: kwa nini "mzinga"? Mzinga wa nyuki au mzinga wa vita?

#21 Kasongo_KC
Sauti yake. Akilia asubuhi ni kama mzinga umepigwa bondeni.

#22 NyotaYaMrima
Bibi yangu Pangani alikuwa akisema ni umbo: akijitutumua na kushusha mbawa anakuwa kama mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini. Mimi naamini bibi.

#23 MzeeWaKwale
Sina la kuamua kwenye jina, ila mzinga wa baruti anao kweli katika historia yake. Missouri msimu ulifungwa 1937, na miaka ya 1950 mwanzoni walikuwa wamebaki chini ya 2,500 jimbo zima. Kilichowarudisha ni nyavu zinazorushwa kwa vimizinga: unamwaga nafaka, unajificha, kundi likija unafyatua, wavu unawafunika wazima wazima, unawapeleka kaunti isiyo nao. 1960 wakafungua msimu wa kwanza wa kuchipua, siku 3 tu, kaunti 14. Baadaye Missouri ikawa na ziada mpaka ikabadilishana na Kentucky: sisi tukatoa bata mzinga, tukapata fisi maji waliotoka Louisiana. Ukiona fisi maji mtoni Missouri leo, huenda babu yake alilipiwa kwa bata mzinga.

Mnisamehe, jambo hili nalipenda. Ndiyo maana mtu akisema "sheria zinatubana tu" moyo unaniuma. Bila kufungwa kule tusingekuwa na uzi huu.

#24 Kipilipili_MO
Mzee hilo la fisi maji sikulijua kabisa. Asante.

Lakini turudi saa saba. Kama ndege wamepungua, kwa nini 2025 wafungue mashamba binafsi kutwa? Na kama hawajapungua, kwa nini Ohio wakate hadi mmoja?

#25 Mkenya_wa_Waco
Kupungua kwenyewe hakuna anayekubaliana na mwenzake. Jirani yangu anasema ni rakuni: bei ya ngozi ilianguka, hakuna anayewatega, wanakula mayai. Mwingine anasema misimu inafunguliwa mapema, dume mkubwa anauawa kabla hajapanda majike. Mwingine mvua za Mei zinalowesha vifaranga. Mwingine dawa za mashambani, wadudu hakuna, kifaranga anakula nini.

#26 Kasongo_KC
Na pori lenyewe limefunga. Bata mzinga anataka mahali wazi pa kifaranga kutembea, majani yasimzidi kimo.

#27 JabaliLaDodoma
Mpya hapa. Kuhusu umma na binafsi nina jibu lingine: msongamano. Kwenye ardhi ya umma mtakuwa watu sita kwenye bonde moja, hamjuani, wote mmejificha, wote mnaita. Shambani mwenye shamba anajua kaingiza nani. Saa saba ni ya usalama wa watu na ya kuwapa ndege nafasi, haina uhusiano na mayai. Na msisahau uzio: Missouri na Texas alama ya rangi ya zambarau mtini maana yake ni "usiingie". Mimi nililipa faini kwa kutoijua, jimbo silitaji. Nilidhani ni alama ya wakata mbao.

#28 NyotaYaMrima
#27 pole. Hoja ya msongamano ina uzito, lakini mbona Pennsylvania shamba na msitu wa umma saa ni moja?

#29 JabaliLaDodoma
Hapo umenishika. Kila jimbo lilitazama lake, labda.

#30 Mchanga_wa_Unguja
Assalaam alaykum. Mimi nina la ibada. Nilipata ndege wangu wa kwanza Missouri mwaka jana, alikuwa bado na roho, nikamchinja kwa bismillahi. Mwenyeji wangu akanipigia kelele "kichwa! kichwa!" Nikadhani anapinga kuchinja. Kumbe kichwa na manyoya lazima vibaki mpaka umeripoti kwa simu na kupewa namba, wajue ni dume. Bahati nilikata koo tu, kichwa kilining'inia. Basi ndugu Waislamu: kata koo, usitenganishe, ripoti, kisha endelea.

#31 BaharianaBara
Waalaykum salaam. Na akifa kabla hujamfikia?

#32 Mchanga_wa_Unguja
Masheikh wamegawanyika. Wapo wanaosema ukitaja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, inatosha. Wapo wanaosema marisau yanaua kwa pigo, si kwa makali, hivyo ni mfu mpaka umwahi kwa kisu. Mimi nafuata wa pili, ndiyo maana nampiga karibu na kukimbia.

#33 NyotaYaMrima
Kukimbia na bunduki yenye risasi hapana, kaka yangu. Weka usalama kwanza, fungua, kisha kimbia.

#34 Mchanga_wa_Unguja
Nimepokea dada.

#35 Kasongo_KC
Jamani na kwa kupika, mapaja msiyatupe! Wazungu wengi wanachukua kifua, miguu wanaiacha. Mimi nachemsha miguu kwa muda wa saa tatu, tangawizi, kitunguu saumu, halafu mafuta ya mawese. Mke wangu alisema hatakula ndege wa porini, sasa ananiuliza msimu unafunguliwa lini. Ila usiuze hata kipande. Nyama ya porini haiuzwi, unagawa bure tu. Kuna mtu alitaka kuipeleka kwenye harusi kwa malipo, nikamkataza.

#36 Dogo_Athens
Wakubwa, nimekwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, wamenipa mwanasheria. Amesema karibu yaleyale ya mzee #12, na amekazia leseni isiishe muda. Nimeamua upinde. Darasa la usalama naanza wiki ijayo.

#37 MzeeWaKwale
Umefanya la busara, dogo. Kwa Missouri, wasio na cheti na wamefika miaka 16 wana idhini ya mwanafunzi wa uwindaji, anakwenda na mtu mzima mwenye leseni na cheti. Ohio nao wana leseni ya mwanagenzi. Lakini darasa ni bora.

#38 Kipilipili_MO
Mrejesho. Nimerudi mwaloni uleule jana. Saa nne kasoro asubuhi wakaja madume wawili wadogo, ndevu fupi kama kidole, mkia wenye manyoya ya katikati marefu kuliko ya pembeni. Missouri anaruhusiwa, Mississippi wangeniambia ndevu zifike inchi 6. Nikampiga mmoja, risasi namba 5. Nikakata alama ya mwezi na tarehe kwenye kibali papo hapo, mikono inatetemeka, kisha nikaripoti kwa simu nikiwa bado nimepiga magoti kwenye majani. Kichwa kipo, manyoya yapo.

Nilipokuwa natoka, saa saba na robo, yule mkubwa akalia kulekule korongoni. Akalia mara mbili.

#39 Kasongo_KC
Anajua saa huyo.

#40 Mlima_Udzungwa
Hongera sana. Sasa mwaka ujao ukiomba ruhusa kwa mwenye lile shamba la ng'ambo, si utampata saa tisa?

#41 Kipilipili_MO
Nimeshamwandikia barua. Nimemwambia nitamsaidia kurekebisha uzio kiangazi hiki, kuna nguzo tatu zimelala. Bado hajajibu.